Kutoka Itetemia Hadi Pwani: Kutafuta Chakula Chema



Mtu anayetoka Itetemia kwenda Dar es Salaam huulizwa na jamaa zake maswali mengi kabla ya kuondoka: atafikia kwa nani, atarudi lini, na je, anaweza kubeba kifurushi kidogo cha mtoto wa fulani aliyeko huko. Ni nadra kuulizwa atakula nini. Hudhaniwa kwamba mji mkubwa hauna njaa, na kwamba mwenye fedha mfukoni hakosi sahani. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka niliposafiri na shangazi yangu aliyekwenda kutibiwa jicho, nikajifunza kwamba chakula kuwa kingi ni jambo moja, na chakula chema kupatikana ni jambo jingine.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu, Itetemia iko karibu na mji wa Tabora, na ndipo yalipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Mtemi Abdallah Saidi Fundikira, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, ni wa ukoo huo. Si mbali na hapo ni Kwihara, mahali palipo na tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika kwetu, kisha ikagawanyika: mkono mmoja ukashika magharibi kwenda Ujiji, na mwingine ukaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Kwa hiyo sisi tu watu wa bara, lakini tumeijua njia ya bahari tangu zamani.

Tulipanda gari la moshi Tabora. Shangazi alikuwa amefunga mzigo wake wa chakula: matobolwa, karanga za kukaanga na chupa ya asali. Alisema kwamba kwa chakula hicho anaweza kufika Makka. Lakini siku za hospitali huwa ndefu kuliko zinavyohesabiwa nyumbani. Jamaa yetu anakaa mbali na mji, nasi tulitakiwa kufika kwa daktari kila siku alfajiri, basi tukapanga katika nyumba ya wageni. Siku ya tatu matobolwa yakaisha, na Shangazi, ambaye ameshapita miaka 70, akawa anakunywa chai tupu na kusema ameshiba.

Mtoto wa ndugu yangu anasoma chuo Dar es Salaam. Alipoona hali hiyo akasema, "Baba mkubwa, leo nitawapeleka mahali wanapopika chakula cha Kichina na cha Kihindi, mbele ya bahari. Bibi atapenda." Kijana alikuwa na nia njema, na alikuwa ameweka akiba ili atukirimu. Tukaenda.

Palikuwa pazuri kweli. Upepo wa bahari ulikuwa ukivuma, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, na orodha ya chakula imepigwa chapa kwa Kiingereza pamoja na picha. Meza ya jirani palikuwa na chupa za pombe. Kijana akaagiza wali wa kukaanga na nyama ya vipande katika mchuzi mweusi. Wakati huo lilinijia swali: nyama hii ni ya mnyama gani, na mchuzi huu umetiwa nini? Swali likafika mpaka kwenye ulimi, nikalimeza. Nilimwona mtumishi amevaa tai, nikawaona watu walioketi kwa raha zao, nikaogopa kuonekana mshamba aliyeshuka jana kutoka porini. Nikajiambia kwamba bila shaka kijana anapajua.

Ni Shangazi aliyeuliza. Alimwita mtumishi kwa upole, akasema, "Mwanangu, nyama hii ni ya nini, na amechinja nani?"

Mtumishi akaenda jikoni akarudi. Akasema kwamba sahani yetu ni kuku, lakini kikaango ni hicho hicho wanachokaangia nguruwe, na mchuzi hutiwa mvinyo kidogo ili upate harufu. Alisema hivyo kwa adabu bila kuficha neno, na wala hakuwa na kosa lolote. Pale si mahali palipodai kuwa pa Waislamu, na walaji wake wana dini zao. Shangazi akamshukuru, akaisogeza sahani, akaomba ndizi na maji. Tukalipa kila kitu, tukatoka. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, nami nilikuwa na haya kuliko yeye, kwani yeye hakufikiri kuuliza, bali mimi nilifikiri nikanyamaza.

Usiku Shangazi akaniambia, "Shati la kununua unauliza bei, unalipapasa, unatazama mshono. Chakula kinachoingia tumboni mwako na mwa mtoto unaona haya kukiuliza?" Hakusema zaidi ya hayo. Sikupata usingizi upesi.

Ndugu wasomaji, jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Vijana wetu wengi wanatoka Tabora, Nzega, Urambo na Sikonge kwenda kusoma na kufanya kazi katika miji ya pwani. Hawaiachi dini kwa kukusudia. Wengi huanza kwa haya ndogo kama ile yangu: leo amemeza swali, kesho analimeza tena, na baada ya mwaka swali haliji tena.

Ama dini yetu haikutuamrisha kuwa wachunguzi wa kuwaudhi watu. Qur'ani Tukufu imetuelekeza tule vilivyo halali na vizuri, na imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kwamba watu walimwuliza Mtume s.a.w. juu ya nyama waliyoletewa na watu waliosilimu karibuni, wasiyoijua kama ilitajiwa jina la Mungu. Naye akawaelekeza walitaje jina la Mungu wao wenyewe, wale. Basi anayekaribishwa katika nyumba ya Mwislamu hana haja ya kuingia jikoni kuhesabu visu. Lakini Mtume s.a.w. ametufundisha vile vile kwamba kati ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi yako mambo yenye shaka, na mwenye kuyaepuka ameihifadhi dini yake. Mahali panapojulikana kwamba nguruwe na mvinyo vinapikwa, shaka ipo mezani kabla ya sahani kufika. Hapo kuuliza ni wajibu wa mtu mzima, wala si ushamba.

Asubuhi yake, baada ya kutoka kwa daktari, nikamwambia kijana, "Leo tutatafuta sisi wenyewe, kwa miguu na kwa ulimi." Tukaingia katika mitaa ya katikati ya mji iliyo kati ya Kisutu na Barabara ya Morogoro: Mtaa wa Jamhuri, Mtaa wa Libya, Mtaa wa Indira Gandhi, Mtaa wa Msikiti. Huko ndiko walikokaa wafanya biashara wa Kihindi kwa vizazi vingi, na katika mwendo mfupi mtu hupita misikiti ya Sunni, wa Ithnaasheri na wa Mabohora, Jamatkhana ya Waismailia, na mahekalu ya Wahindu. Kila jamaa ina mapishi yake, na mwenye macho hupata kujifunza.

Sitataja majina ya hoteli. Hoteli hubadili mpishi, hubadili mwenyewe, na sifa ya mwaka huu huweza kuwa uongo mwakani. Nitataja dalili tulizozitazama, nazo zitamfaa msomaji hata akiwa Mombasa, Tanga au Unguja.

Kwanza tulitazama adhuhuri: mahali gani watu wanakwenda wakitoka msikitini? Mtu anayeswali jirani na hoteli kila siku ameshauliza maswali yako miaka mingi kabla yako. Kisha tukatazama mahali pa kunawia mikono. Bomba lenye maji na sabuni, karibu na mlango, ni ushahidi kwamba mwenye hoteli anajua wateja wake watakula kwa mkono na anawaheshimu. Tukatazama pia orodha ya chakula. Hoteli ndogo yenye vyakula vinne au vitano ambavyo huisha kila siku ni bora kuliko yenye vyakula 60, kwani vingi vya hivyo 60 vinangojea katika barafu. Na penye bajia na sambusa tukatazama mafuta. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi hayafichiki, na bajia ya mafuta hayo huonekana rangi yake kabla hujaionja.

Cheti cha halali kikiwa kimetundikwa ukutani ni jambo jema, na msomaji akisome na kutazama tarehe yake. Lakini cheti hakimzuii mtu kuuliza kwa adabu. Tuliuliza katika hoteli tano, na katika zote tano hatukutukanwa wala kuchekwa. Mmoja alituambia wazi kwamba kwake nyama ni halali lakini pombe inauzwa, kwa hiyo tujiamulie wenyewe. Tulimshukuru tukaendelea.

Karibu na Kisutu tuliingia hoteli ya Wahindu wasiokula nyama kabisa. Shangazi alisita mlangoni. Nikamweleza kwamba hapa swali la kisu limeondoka lenyewe, na linalobaki ni usafi na pombe. Na pombe haikuwapo. Wakaleta sinia ndogo yenye vibakuli: choroko zilizopondwa, viazi vya bizari, mtindi, achari, na chapati nyembamba za moto. Shangazi akaonja choroko, akatafakari, akasema, "Hizi ni choroko zetu. Wamezipeleka shule tu." Akala chapati tatu. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza tangu tufike nilipomwona anashiba.

Jioni ya Ijumaa tukapata tulichokuwa tukikitafuta. Ilikuwa hoteli ndogo ya Mwislamu wa Kihindi, meza zake sita, na sufuria moja kubwa ya biriani iliyopikwa kwa ajili ya siku hiyo. Biriani ya pwani yetu, kwa wasioijua, haichanganywi kama pilau. Wali hupikwa peke yake na kutiwa zafarani au rangi, na mchuzi mzito wa nyama, vitunguu vya kukaanga, mtindi, tangawizi na thomu hupikwa mbali, kisha hukutanishwa katika sahani. Mpishi hodari hujulikana kwa mchuzi: vitunguu vyake vimeiva mpaka vimeyeyuka, lakini havikuungua. Palikuwa pia na kuku paka, yaani kuku wa kuchoma aliyetiwa katika mchuzi wa nazi. Hicho ni chakula cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki. Ufundi ni wa kwao na nazi ni ya huku.

Mwenye hoteli alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe. Nilipomwuliza swali langu, safari hii bila kulimeza, hakujibu kwa maneno. Alisimama, akatufungulia mlango wa jikoni, akasema, "Karibu, Bibi, tazama mwenyewe." Shangazi akatazama, akarudi, akanawa mikono. Mzee akauliza tumetoka wapi. Nilipotaja Tabora uso wake ukakunjuka, akauliza, "Asali ya Tabora bado ipo?" Shangazi akamwambia kwamba kama angalijua, asingaliimaliza ndani ya gari la moshi.

Biriani ilikuwa njema. Shangazi alisema chumvi ni ndogo, kisha akaimaliza. Hapo nikakumbuka mwendo wa Mtume s.a.w., ambaye hakuwa akikitia chakula ila: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Nikamkumbusha, akacheka, akasema kwamba hakukitia ila, alikisaidia tu.

Tulipokuwa tukinywa chai, kijana akasema jambo lililonifikirisha. Alisema, "Baba mkubwa, ajabu ni kwamba chakula hiki hakinipi ugeni. Ni kama cha harusi za nyumbani." Nami nikamwambia kwamba hakukosea, kwani chakula hiki kilifika kwetu zamani kuliko reli.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 alikwisha kufika Unyanyembe mfanya biashara wa Kihindi, asili yake Surat, aliyeitwa na watu Musa Mzuri. Burton na Speke walipoingia Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa katika siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Waliwakuta Waarabu wamejenga nyumba na kulima bustani. Mmoja wa waliowapokea kwa ukarimu alikuwa Sheikh Snay bin Amir, ambaye Burton ameeleza kwamba alianza maisha yake Maskati kwa kazi ya kutengeneza vitu vitamu, kabla ya kutajirika kwa biashara ya bara. Mtu wa namna hiyo hawezi kusafiri bila kuchukua ladha za kwao. Mpunga nao ulilimwa Unyanyembe na Waarabu hao.

Maneno yetu yenyewe yanashuhudia. Pilau, biriani na sambusa asili yake ni Uajemi. Chapati, bajia na achari yametufikia kutoka Bara Hindi. Halua na sahani ni ya Kiarabu. Na chai, ambayo hapana nyumba ya Tabora isiyoipika, jina lake limetoka China. Basi kijana wa Itetemia akiketi katika hoteli ya Kihindi ya Kisutu, asijione mgeni wa kuomba radhi. Amefuata njia ile ile ambayo babu zake waliipita.

Lakini hapo sikuweza kuishia, kwani njia ile ina upande wa pili. Bizari hazikujibeba zenyewe kutoka Bagamoyo, wala pembe za ndovu hazikujishusha zenyewe pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba mabegani, mzigo wa kilo 30 na zaidi, miezi mitatu au minne ya mwendo. Wao walipata ujira wao na sifa ya uhodari. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliotekwa, waliofungwa shingo, wasiokuwa na ujira wala marejeo. Utajiri wa Musa Mzuri na wa Snay bin Amir ulitokana na pembe na watumwa pamoja. Walikuwa Waislamu, nasi tu Waislamu, na haifai tuyasimulie mema yao peke yake. Sahani ya pilau katika harusi zetu ni neema, na katika historia yake lipo deni ambalo hatukuweza kuwalipa wenyewe.

Nilipomweleza kijana hayo alinyamaza, kisha akageuka kumtazama mvulana aliyekuwa akiosha sahani nyuma ya hoteli. Akauliza, "Na huyu, analipwa vizuri?" Shangazi akasema, "Hilo nalo ni swali la nyama."

Kweli alisema. Mtume s.a.w. ametuhimiza tumlipe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tumezoea kuuliza halali ya kisu, tukasahau halali ya mkono uliopika na uliokosha. Hoteli inayomdhulumu mtumishi wake, hata nyama yake ikichinjwa kwa bismillahi, imetia katika sufuria kitu kisichoonekana. Hatuwezi kuingia katika daftari la kila mwenye hoteli. Lakini tunaweza kuona kama watumishi wanaruhusiwa kwenda kuswali, kama wanakula chakula kile kile, kama wanaitwa kwa majina yao au kwa mlio wa ulimi. Mzee yule tulimwona akimpakulia mvulana wake biriani kabla hajajipakulia mwenyewe. Hilo lilitutosha kwa usiku ule.

Na kabla sijamaliza, nisidhaniwe kuwa nimekilaumu chakula cha China kwa sababu ya mkasa wetu wa kwanza. Waislamu wamekuwako China kwa zaidi ya miaka 1000, na wana mapishi yao ya halali, hasa tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya kondoo. Waislamu wa Indonesia na Malaysia ni mamilioni mengi, nao wanakula wali kama sisi. Chakula hakiwi haramu kwa kuwa ni cha taifa fulani. Hutazamwa kilichomo katika chungu. Kijana anayetamani kuonja mapishi ya mbali na aonje, lakini aulize.

Jicho la Shangazi lilitibiwa salama, alhamdu lillahi. Siku ya kuondoka alitaka kwenda Kariakoo, akanunua iliki, mdalasini na bizari nzima, akazinusa moja moja kabla ya kulipa, na muuzaji akamvumilia. Njiani, gari lilipokuwa likiingia katika misitu ya miyombo upande wa kwetu, kijana, ambaye alikuwa likizo na alirudi pamoja nasi, aliwasalimu abiria wenzetu waliotukaribisha nyama katika kijikaratasi. Akaipokea kwa mikono miwili, akawashukuru, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa, nyama hiyo ni ya nini na imetoka kwa nani. Wakamjibu kwa furaha kwamba ni ya mbuzi, na kwamba wameichinja wao wenyewe nyumbani kwao. Akasema bismillahi, akala, akatupatia na sisi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kizuri, awahifadhi vijana wetu waliomo safarini, na awarehemu wote waliopita katika njia ile wakiwa huru na wakiwa wamefungwa. Amin.